Mali kauli ilivyoyazika maduka makuu

Kila duka kuu linapofunga milango yake humu nchini, hawakosekani wajuzi wa kutueleza kwamba zama zimebadilika. Mnunuzi wa leo, wanasema, hataki tena kusukuma kigari baina ya rafu. Anataka kuketi nyumbani kwake, aguse kioo cha simu, na bidhaa imfikie mlangoni juu ya pikipiki. Hoja hiyo ni tamu masikioni na ina ukweli ndani yake. Lakini ni nusu ya ukweli, na kila mwalimu aliyewahi kusahihisha insha anajua kwamba nusu ya ukweli yaweza kupotosha kuliko uongo mtupu. Mimi nashikilia kwamba maduka makuu ya Kenya yaliangushwa na deni lililojificha nyuma ya rafu, na kwamba mnunuzi amesingiziwa. Walioumia zaidi katika anguko hilo ni watu wadogo ambao mnunuzi hakupata kuwaona.

Hoja ya zama tumeiazima ng'ambo, ambako ina mashiko zaidi. Duka kuu la vitengo vingi lilistawi jijini Paris katika karne ya 19. Mwaka wa 1852 Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché, akaleta mambo yaliyowashangaza watu wa siku zile: bei ilibandikwa juu ya bidhaa, mtu aliruhusiwa kuingia na kutazama bila kulazimika kununua, na bidhaa za kila namna zikapatikana chini ya paa moja. Mtindo huo ukashika London, New York na Chicago, ukatawala kwa zaidi ya miaka 100. Kisha ukaporomoka. Woolworths ya Uingereza ilikuwa imefunga maduka yake yote 807 kufikia Januari 2009. Sears ya Marekani, iliyoacha kuchapisha katalogi yake kubwa mwaka wa 1993, mwaka mmoja tu kabla ya Amazon kuasisiwa, ilikimbilia mahakama ya ufilisi Oktoba 2018. Debenhams, ambayo asili yake ni duka la vitambaa la London la mwaka wa 1778, ilifunga milango yake ya mwisho Mei 2021. Katika nchi hizo, ambako nyumba zina anwani na kadi ya benki imo katika kila mkoba, ushindani wa intaneti ni jambo la kweli, japo hata huko madeni yalichangia pakubwa. Swali ni kama ugonjwa uliowaua wao ndio uliotuulia ya kwetu.

Tutazame basi ya kwetu. Uchumi Supermarkets ilizaliwa mwaka wa 1975, mashirika matatu ya umma yakiwa wazazi wake. Jina lenyewe ni Kiswahili safi, latokana na kuchuma. Kusudi lililotajwa lilikuwa jema: raia apate bidhaa muhimu kwa bei ya haki, na wenye viwanda wa humu nchini wapate mahali pa kuuzia. Mwaka wa 1992 hisa zake zilianza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Kwa jamaa nyingi za wafanyakazi wa miji, kwenda Uchumi mwisho wa mwezi kulikuwa ni desturi, tena ni heshima. Juni 2006 kampuni hiyo ikashindwa kulipa madeni, milango ikafungwa na mali ikawekwa chini ya mrasimu. Mwezi uliofuata serikali ikaifufua. Ikajipanua tena nchini na katika mataifa jirani, na mwaka wa 2015 ikalazimika kufunga biashara zake za Uganda na Tanzania. Kufikia mwaka wa 2020 ilikuwa mbele ya wadai wake, ikiafikiana nao juu ya deni lililoshindikana kulipwa.

Nakumatt nayo hubeba asili yake katika jina: Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mji wa Nakuru. Kutoka godoro ikafika mbali. Ilipokuwa kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ndani yake mtu alipata mkate na runinga, sufuria na baiskeli, na matawi mengine yalikuwa wazi usiku kucha. Hilo ndilo lililokaribia zaidi duka kuu la mtindo wa Paris katika eneo letu, na nembo yake ya ndovu ilijulikana hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Ilipatwa na misiba mizito, moto wa Januari 2009 jijini Nairobi ulioangamiza roho nyingi na shambulio la Westgate la Septemba 2013, lakini haikuanguka wakati huo. Ilianza kuanguka rafu zake zilipobaki tupu katika mwaka wa 2017. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuivunja, na matawi sita yaliyosalia yakauzwa kwa Naivas.

Tuskys, ambayo jina lake la usajili lilikuwa Tusker Mattresses, ilianzia Rongai karibu na Nakuru mwaka wa 1990. Ilipokuwa imara nayo ilikuwa na matawi zaidi ya 60. Mwaka wa 2020 wasambazaji wa bidhaa waliipigia kelele kwa malimbikizo ya deni, wenye majengo wakaanza kuifungia milango kwa kodi isiyolipwa, na kufikia mwisho wa mwaka wa 2021 karibu matawi yote yalikuwa yamefungwa. Biashara mbili zilizozaliwa juu ya godoro zikalala usingizi usio na kuamka.

Sasa na tuipime hoja ya intaneti kama wanafunzi wa sayansi wanavyoipima nadharia. Uchumi ilifungwa mara ya kwanza mwaka wa 2006. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Jumia ilianza kuuza bidhaa Kenya mwaka wa 2013. Ni vipi basi simu ilimuua marehemu kabla haijazaliwa? Tupime tena upande wa pili. Katika miaka ile ile ambamo Nakumatt na Tuskys zilikuwa zikizimika, Naivas ilikuwa ikifungua matawi mapya, na leo yamepita 100. Quickmart ilikuwa ikiingia mitaani. Carrefour, iliyofungua duka lake la kwanza nchini mwaka wa 2016, ilihamia katika baadhi ya majumba yale yale ambayo Nakumatt ilikuwa imeyaacha. Mnunuzi angekuwa ameyaasi maduka makuu kwa ajili ya simu yake, nani angeyajaza haya mengine? Ukweli ni kwamba alivuka barabara tu. Alikwenda kwenye rafu zenye unga.

Kwa nini rafu za duka moja zilikuwa na unga na za jingine hazina? Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mambo, nacho kina jina la Kiswahili ambalo wafanya biashara wa pwani wamelitumia tangu zamani: mali kauli. Ni bidhaa unayopewa bila fedha, kwa neno lako tu kwamba utalipa ukishauza. Anayeingia katika supamaketi hudhani kwamba kila anachokiona ni mali ya mwenye duka. Sivyo. Sehemu kubwa ya bidhaa zile hazijalipiwa. Mkate ni wa mwoka mikate, maziwa ni ya kiwanda, mayai ni ya mfugaji. Mwenye duka amevipokea, ametia sahihi hati, na ameahidi kulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Wewe mnunuzi unalipa leo, papo hapo. Mkate ulioletwa alfajiri umeshaliwa jioni, na fedha zake zimo katika sanduku la duka, lakini mwoka mikate atazisubiri kwa miezi miwili au mitatu.

Mfano wa kubuni utatusaidia, na mwalimu wa hesabu anaweza kuuandika ubaoni. Tuseme duka hununua kwa wasambazaji bidhaa za shilingi 800,000 kila siku na kuziuza zote kwa shilingi milioni moja taslimu. Likilipa baada ya siku 60, wakati wowote ule litakuwa limeshika shilingi milioni 48 za watu wengine. Likisogeza malipo hadi siku 90, zitakuwa milioni 72. Halijapata faida zaidi hata ya senti moja, lakini lina milioni 24 zaidi mkononi, bila riba na bila kuweka rehani. Fedha hizo zinavutia. Meneja mwenye hadhari atazitazama kama amana. Meneja mwenye tamaa atazifungulia tawi jipya, ambalo nalo litajazwa mali kauli, ambayo nayo italeta taslimu, ambayo nayo itafungua tawi jingine. Kwa mbali duka hilo linaonekana linastawi. Gazeti linaandika habari za ukuaji, na wanafunzi wa somo la biashara wanaambiwa waige mfano.

Mwendo huo huenda vizuri maadamu mauzo yanakua kila mwaka. Siku yanaposimama, deni la zamani huja kugonga mlango na hakuna mauzo mapya ya kulilipia. Malipo husogea hadi siku 120, kisha 180, kisha ahadi. Msambazaji mkubwa hukata huduma kwanza, maana ana mahali pengine pa kuuzia. Unga wa sima ukikosekana, mama aliyekuja kwa ajili ya unga haondoki na sabuni wala sukari. Huondoka mikono mitupu na kesho haji. Mauzo hupungua zaidi, na kwa kuwa yamepungua, deni halilipiki, na kwa kuwa deni halilipiki, rafu nyingine hubaki tupu. Kodi ya jengo, mishahara na umeme havipungui kwa sababu ya rafu tupu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ya maduka makuu tuliialikwa sote, tukala na kunywa. Matanga waliachiwa wachache.

Nisieleweke vibaya. Mali kauli yenyewe si dhambi, na wala haikuletwa na supamaketi. Biashara ya pwani na bara katika karne ya 19 iliendeshwa kwa mali kauli. Matajiri wa Unguja kama Tharia Topan waliwakopesha bidhaa wafanya safari wa bara, miongoni mwao Tippu Tip, wakangoja miaka hadi msafara urudi na pembe za ndovu. Biashara ambayo, hatuna budi kukumbuka, ilibeba pia uchungu wa watumwa. Allidina Visram, ambaye jina lake limo katika shule mashuhuri ya upili mjini Mombasa, alieneza maduka kuanzia pwani hadi Uganda na kuwapa bidhaa wenye maduka madogo wakauze kwanza, walipe baadaye. Aliaga dunia mwaka wa 1916. Katika mtindo ule, aliyekopesha ndiye aliyekuwa na mtaji. Alijua kwamba misafara mingine haitarudi, akaliweka hilo katika hesabu yake. Mwenye nguvu alimkopesha asiye na nguvu, na hasara ikitokea alikuwa na mgongo wa kuibeba.

Hali ni hiyo hiyo katika kibanda cha mtaani. Nyuma ya kaunta pana daftari lenye kurasa zilizokunjika pembe, na ndani yake yameandikwa majina: Mama fulani, mkate na maziwa, Mwalimu fulani, sukari nusu kilo, atalipa mshahara ukija. Mwenye duka humkopesha mnunuzi anayemfahamu kwa sura na kwa nyumba. Akiona deni limezidi, hufunga daftari na kusema, mwenzangu, tupunguze kwanza hili. Wahenga walionya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mwenye kibanda amelishika onyo hilo.

Supamaketi iliugeuza mtindo huo juu chini. Pale mkopo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mfugaji wa kuku mia tano humkopesha mwenye matawi 60. Mwoka mikate mwenye tanuri moja humkopesha mwenye hesabu za mabilioni, hamjui kwa sura, hana uwezo wa kulifungua daftari lake, na akidai kwa sauti huogopa kuondolewa rafuni. Yeye mwenyewe, ili aendelee kuleta mikate, hukopa benki kwa riba. Kwa maneno mengine, mdogo hulipa riba ili mkubwa akopeshwe bure.

Namfahamu mwalimu mmoja mstaafu wa Bonde la Ufa aliyetumia sehemu ya kiinua mgongo chake kujenga banda la kuku wa mayai. Supamaketi moja ambayo sitaitaja ilikubali kupokea mayai yake, na jamaa zake wakampongeza, maana sasa alikuwa ameingia sokoni kweli kweli. Mwanzoni alilipwa baada ya siku 30. Kisha siku 60. Kisha akaambiwa avute subira, ofisi kuu ina shughuli nyingi. Alipozidi kudai alipewa hundi ya tarehe ya mbele, na tarehe ilipofika benki ikairudisha. Kuku hawajui habari za siku 60. Hula kila asubuhi. Aliuza wachache ili kuwalisha waliobaki, kisha akauza na waliobaki. Duka lilipofungwa, alikuwa na faili nene la ankara zilizotiwa sahihi na mihuri, na banda tupu. Miaka 30 alikuwa amewafundisha watoto wa wenzake hesabu za faida na hasara. Hasara hii haikutoka katika hesabu zake.

Sheria nayo humkuta mtu kama huyo akiwa nyuma ya foleni. Kampuni ikifilisika, benki iliyokopesha kwa rehani ina mali iliyoishikilia. Gharama za ufilisi, sehemu ya mishahara ya wafanyakazi na kodi fulani za serikali hutangulia. Mdai asiye na dhamana hungoja kitakachobaki, na aghalabu hakibaki cha maana. Mayai yake yaliliwa zamani, hawezi kuyarudia. Mali kauli ilisimama juu ya kauli tu, na kauli ilipovunjika hakukuwa na kitu cha kushika. Wafanyakazi nao, maelfu kwa maelfu, walitoka na sare za kampuni mabegani na mishahara ya nyuma isiyolipwa. Watoto wa watu hao wamo katika madarasa yetu. Baadhi yenu mliwarudisha nyumbani kwa karo mwaka huo huo, bila kujua kwamba karo ilikuwa imefungiwa ndani ya duka lenye minyororo langoni.

Kuna atakayeuliza, je, mazoea ya ununuzi hayajabadilika kabisa? Yamebadilika, tena sana, na ni haki kulikiri hilo. Katikati ya Nairobi majengo yaliyokuwa na duka moja pana yamegawanywa kuwa vibanda vingi, hiki cha viatu, kile cha simu, kila kimoja na mpangaji wake. Mitumba ya Gikomba imewapunguzia wateja wauzaji wa nguo mpya. Deacons, iliyokuwa ikiuza mavazi tangu mwaka wa 1958, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2018. Muuzaji wa nguo huonyesha picha katika WhatsApp, hulipwa kwa M-Pesa, na hutuma mzigo kwa bodaboda. Mwenye kipato cha siku hununua cha siku: mafuta ya kupimiwa, sabuni kipande, majani ya chai ya shilingi chache. Wageni walioingia kwa mitaji mikubwa bila kuyazingatia mazoea hayo wameondoka. Game ya Afrika Kusini ilifungua duka mwaka wa 2015 na kufunga mwaka wa 2022. Shoprite iliingia mwaka wa 2018, na kufikia mwaka wa 2021 ilikuwa imekwisha kwenda zake.

Lakini yatazameni vizuri mabadiliko hayo. Takriban yote yanamrudisha mnunuzi karibu na muuzaji anayemjua, na yote ni ya fedha mkononi. Muuzaji wa WhatsApp hulipwa kabla bidhaa haijaondoka. Mama mboga huuza sukuma wiki asubuhi na kurudi sokoni Wakulima kesho yake kwa fedha za jana. Hawa hawakuwaua wakubwa. Waliokota wateja waliokuwa wamekwisha kukimbia rafu tupu.

Kuna na hoja nyingine yenye uzito: kwamba wasambazaji hukopesha maduka duniani kote, na bila mkopo huo hakuna supamaketi inayoweza kusimama. Nakubali. Siku 30 za kungoja ni biashara; siku 180 za kungoja ni unyang'anyi wenye tai shingoni. Tofauti ya hayo mawili ndiyo kazi ya sheria. Mwaka wa 2019 Bunge letu lilirekebisha Sheria ya Ushindani na kuiongezea Mamlaka ya Ushindani meno dhidi ya wanunuzi wakubwa wanaotumia vibaya uwezo wao, na kuchelewesha malipo bila sababu ni moja ya makosa hayo. Meno hayo yameuma. Mwaka wa 2020 Mamlaka iliamua dhidi ya kampuni inayoendesha Carrefour nchini kwa malalamiko ya mtengenezaji mmoja wa maziwa ya mtindi, na Desemba 2023 ikaitoza kampuni hiyo hiyo faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wasambazaji wengine wawili. Hatua hizo ni za kusifiwa. Hata hivyo zinamtaka mdogo ajitokeze kwanza kulalamika dhidi ya mkubwa anayemtegemea, na wengi hawathubutu.

Ulaya walichagua njia iliyo wazi zaidi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 2019 linamkataza mnunuzi mkubwa kupitisha siku 30 kabla ya kumlipa msambazaji mdogo wa vyakula vinavyoharibika upesi, na siku 60 kwa vyakula vinginevyo. Hakuna haja ya kubembelezana. Siku zinahesabika hata na mtoto wa shule. Sioni sababu ya sisi kukosa kanuni kama hiyo, iliyoandikwa kwa tarakimu, ili mfugaji wa mayai aijue haki yake bila kumlipa wakili. Naongeza jambo la pili: kila duka lenye matawi mengi litangaze hadharani, walau mara moja kwa mwaka, deni lake kwa wasambazaji na umri wa deni hilo. Fedha za watu zilizomo benki zinalindwa na mkaguzi. Fedha za watu zilizomo rafuni mbona hazina mlinzi?

Kwenu walimu wa somo la biashara nina ombi. Tumezoea kumfundisha mwanafunzi kuupima ukubwa wa biashara kwa matawi, majengo na mauzo. Mfundisheni pia kuuliza maswali mawili mepesi: bidhaa hizi ni za nani, na mwenyewe atalipwa lini? Mwanafunzi anayeweza kuyajibu maswali hayo hatashangazwa na anguko la duka lolote, na akifungua duka lake kesho atajua kwamba fedha zilizomo sandukuni si zote zake. Nanyi wanafunzi, mnapoambiwa kwamba teknolojia imeua hiki na kile, tafuteni kwanza tarehe. Tarehe hazina upendeleo.

Tena tusiishie kuwanyoshea kidole wenye maduka. Shule zetu nazo hupokea mali kauli. Mahindi, maharagwe, kuni na kabeji huingia langoni kwa ahadi, kutoka kwa wakulima na wachuuzi wa vijiji vinavyoizunguka shule. Fedha za serikali za kumsomesha kila mwanafunzi zikichelewa, mwalimu mkuu humwambia mkulima angoje, naye hungoja muhula mmoja, kisha miwili. Najua kwamba mara nyingi kosa si la mwalimu mkuu. Naye anadai juu kama anavyodaiwa chini. Lakini aliyeleta magunia hamjui katibu wa wizara. Anaijua shule, na ni shule iliyotia sahihi. Basi bodi za shule na ziweke daftari la wanaodai, lisomwe katika kila mkutano wa wazazi, na fedha zikifika walipwe kwanza wale wa magunia machache, kabla ya mkandarasi wa lango jipya. Hilo halingoji Bunge wala Mamlaka.